VIKOMBE 80 HAVITOSHI



Kundi letu la Historia limetoa shauri kwamba kila mwaka, tarehe 18 Aprili, tukiwa mbele ya bendera asubuhi, yasomwe majina ya wale Wamarekani 80 walioenda kupiga Tokyo kwa ndege mwaka 1942. Karatasi ya shauri hilo imetundikwa karibu na mlango wa biblioteke tangu juma mbili, na maneno mengi yamesemwa juu yake, kwa meza ya chakula na hata kule mtoni tunakofulia nguo. Wengine wanasema: "Hayo ni mambo ya Wazungu na Wajapani, sisi tunaingia kwa mlango gani?" Wengine, zaidi sana wale wanaochora ndege katika daftari ya hesabu, wanafurahi bila kuuliza kitu. Mimi siko upande wa hawa wala wa wale. Nasema majina yasomwe. Lakini kama tutasoma 80 kisha tuende zetu darasani, tutakuwa tumesoma nusu ya karatasi tu.

Niseme kwanza habari yenyewe, sababu nimesikia watu wakibishana kwa nguvu juu ya kitu wasichokijua.

Tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani walipiga merikebu za vita za Marekani pale Pearl Harbor, bila kutangaza vita kwanza. Zaidi ya watu 2,400 walikufa asubuhi ile moja. Miezi iliyofuata ikawa ya kushindwa paka kushindwa. Rais Roosevelt akataka Japani nayo ipigwe kwao, watu wake wapate moyo. Lakini kwa njia gani? Ndege kubwa za nchi kavu hazikuwa na fasi ya karibu ya kutokea. Ndege ndogo za merikebuni hazikuweza kwenda mbali, na merikebu ikikaribia pwani ya Japani ingezamishwa. Ofisa mmoja wa jeshi la bahari, Francis Low, akawaza neno ambalo wengi wangelicheka: tuchukue ndege kubwa za nchi kavu, tuzipandishe juu ya merikebu, ziruke kutoka pale.

Mkubwa wa kazi ile akawa James Doolittle, mtu wa miaka 45, rubani wa mashindano na tena daktari wa elimu ya ndege. (Wale wanaosema kwamba hesabu haifai kitu kwa mtu wa vitendo, wasome tena sentensi hiyo.) Ndege zilikuwa B-25, 16 kwa jumla, na kila moja ilibeba watu watano. Katika mwezi wa tatu 1942 walijifunza huko Florida kuruka kwa kiwanja kifupi sana, mistari imechorwa chini, na ofisa wa bahari akiwaonyesha. Ili ndege zibebe esanse nyingi, waliondoa vitu vizito, hata bunduki za chini. Kwa nyuma walichomeka mipini ya fagio iliyopakwa rangi nyeusi, adui akiiona afikiri ni bunduki! Na kile chombo cha siri cha kulengea mabomu walikiacha nyumbani, kisianguke mikononi mwa Wajapani. Fasi yake wakaweka kipande cha chuma ambacho Ross Greening, mmoja wao, alikitengeneza kwa bei ya senti 20. Njo vile walienda.

Merikebu Hornet ilitoka San Francisco tarehe 2 Aprili. Shauri lilikuwa kuruka wakiwa kilometa kama 700 kutoka Japani. Lakini asubuhi ya tarehe 18, siku ya Posho, mashua ya ulinzi ya Wajapani iliwaona wangali kilometa 1,200. Siri imetoka. Ingewezekana kurudi nyumbani, na hakuna mtu angewacheka. Waliruka. Doolittle alikuwa wa kwanza, mbele yake meta 142 tu za mbao, bahari inapanda na kushuka, mvua na upepo. Na kila mmoja wao alijua hesabu ya esanse: ya kufika ipo, ya kufikia kiwanja cha China labda haipo, na kurudi merikebuni haiwezekani, maana B-25 haiwezi kutua pale.

Hapa sherti tusimame kidogo. Hawa watu waliulizwa. Walipoitwa mara ya kwanza waliambiwa kwamba kazi ni ya hatari na kila mtu ni huru kukataa. Waliulizwa tena baadaye. Hakuna aliyekataa, na wale wa akiba waliokuwa merikebuni walikuwa tayari kutoa pesa yao wapewe nafasi ya mwingine. Ule ni ushujaa wa kweli, na yule anayesema eti ni mambo ya sinema, aende kwanza kusimama mbele ya zile meta 142.

Walipiga Tokyo, Yokohama, Nagoya, Kobe na fasi zingine. Kila ndege mabomu manne tu. Uharibifu ulikuwa mdogo. Ndege moja ilikwenda Urusi, na wale watano wakazuiliwa huko zaidi ya mwaka, mpaka walipotoroka kupitia Irani. Zingine 15 zilifika China usiku, katika mvua, bila taa ya kiwanja hata moja. Wengi waliruka kwa mwavuli gizani, wengine walitua ovyo majini au pwani. Watatu walikufa usiku ule. Doolittle alikaa karibu na vipande vya ndege yake akifikiri atapelekwa mbele ya mahakama ya jeshi kwa sababu amepoteza ndege zote 16. Badala yake walimfanya jenerali na kumpa nishani kubwa kupita zote.

Vitabu vingi vinamalizia hapo, na karatasi ya kundi letu nayo inamalizia hapo. Lakini tujiulize: wale watu walioanguka usiku katika nchi wasiyoijua, hawajui hata kusema "nipe maji" kwa lugha ya pale, walipona namna gani?

Waliponeshwa na wanakijiji. Wavuvi, walimaji wa mpunga, wanafunzi, watu ambao wengi wao hawakuwa wameona mzungu hata siku moja. Waliwaficha, wakawapa chakula chao, wakawapitisha usiku katikati ya askari wa Japani. Waliovunjika miguu walibebwa milimani kwa viti vya mabegani. Wazee wetu hapa hawahitaji kuelezwa kitu hicho, wanakijua sana: ni tipoyi. Tofauti ni moja, kwamba wale Wachina hawakulazimishwa na mtu. Ted Lawson, rubani mmoja aliyeumia vibaya, alibebwa hivyo mpaka hospitali ndogo ya Linhai. Mguu wake ulikuwa umeoza, ukakatwa kule, na Wachina wale wale wakambeba tena mbele Wajapani walipokaribia. Doolittle mwenyewe alisaidiwa pia na mmisionari kijana wa Kibatisti, John Birch, aliyejua Kichina.

Sasa sikieni bei yake. Katikati ya mwezi wa tano jeshi la Japani liliingia katika majimbo ya Zhejiang na Jiangxi, na likakaa huko mpaka mwezi wa tisa. Lilitaka kuharibu viwanja vya ndege vya Quzhou, Yushan na Lishui, na zaidi lilitaka kulipiza kisasi. Kijiji ambacho askari wa ndege walipita, kilichomwa. Wamarekani wengine, kwa shukrani, walikuwa wameacha zawadi ndogo: glovu, sarafu, kipande cha mwavuli, pakiti ya sigara. Wajapani walipopekua nyumba na kukuta kitu kama hicho, mwenye nyumba amekwisha. Mji wa Nancheng walikaa ndani yake karibu mwezi mmoja, kisha wakauchoma. Wamisionari waliopita kule baadaye waliandika habari ya mtu mmoja aliyempokea Mmarekani nyumbani mwake: walimfunga katika blanketi yenye kulowa petroli, na bibi yake akalazimishwa kuiwasha moto. Wakati wa kuondoka Wajapani walitia magonjwa katika visima na mashamba, kolera na tauni na mengine, hata askari wao wenyewe wengi wakafa nayo.

Waliokufa ni wangapi? Hesabu inayotajwa sana ni watu 250,000. Ni hesabu ya kukadiria, hakuna aliyepita kuhesabu mmoja mmoja. Mimi nilichukua kalamu nikagawanya: ni watu 3,125 kwa kila askari wa ndege mmoja. Nilirudia mara mbili, nikifikiri nimekosa sifuri.

Hawa hawakuulizwa kitu. Chiang Kai-shek, mkubwa wa China wakati ule, hakupenda shauri lile, maana aliogopa kisasi juu ya watu wa Zhejiang, na Wamarekani wakamficha mambo mengi wakisema siri isitoke. Nafahamu sababu ya siri katika vita. Lakini nafahamu pia ginsi ilivyo mtu kulala nyumbani mwake, na asubuhi kuambiwa kwamba yeye ni upande wa adui kwa sababu jana alimpa mgeni sahani ya chakula. Katika majimbo yetu ya mashariki jambo hilo halihitaji maelezo mengi, basi nisiongeze.

Na iko mwingine ambaye hakuulizwa. Siku ile ya Posho, mchana, katika mtaa wa Katsushika mjini Tokyo, mwanafunzi mmoja alipigwa risasi ya bunduki kutoka ndege na akafa. Mwanafunzi kama sisi, mwenye mfuko wa vitabu. Watu karibu 50 walikufa Japani siku ile. Bwana mmoja wa darasa la 6 aliniambia: "Usiseme hayo, unawatetea Wajapani." Simtetei mtu. Wajapani wale wale waliwakamata askari wa ndege wanane, wakawatesa, wakawahukumu bila mtetezi kwa sheria iliyoandikwa baada ya tendo lenyewe, na tarehe 15 Oktoba 1942 wakawapiga risasi watatu huko Shanghai: Dean Hallmark, William Farrow na Harold Spatz. Waliruhusiwa kuandika barua kwa wazazi wao, na barua zile hazikutumwa, zilipatikana vita ilipokwisha. Wa nne, Robert Meder, alikufa gerezani mwaka 1943 kwa kukosa chakula na matunzo. Ubaya huo ni ubaya. Lakini haumfufui mwanafunzi wa Katsushika, wala yeye hakuhukumu mtu.

Kati ya wale wanne waliobaki gerezani alikuwamo Jacob DeShazer, mtoto wa mkulima wa Oregon, aliyeangusha mabomu juu ya Nagoya. Alikaa kifungoni miezi 40, na mingi zaidi akiwa peke yake katika chumba kidogo. Aliwachukia Wajapani kwa moyo wote, na nani angemlaumu? Mwaka 1944 walinzi walimpa Biblia kwa juma tatu tu. Alisoma usiku na mchana, katika mwanga hafifu, akiweka kwa kichwa alichoweza. Warumi 10:9 ndipo alipokatia neno. Askari mmoja aliyemtesa, aliyembana mguu kwa mlango, akaanza kumsalimu kila asubuhi kwa Kijapani. Yule askari alishangaa siku nyingi, kisha siku moja akamletea kiazi kitamu kilichochemshwa. Ni kitu kidogo, lakini nilipokisoma nilikiamini zaidi kuliko hotuba kubwa.

Vita ikaisha, DeShazer akaenda kusoma, na mwisho wa mwaka 1948 akarudi Japani kama mmisionari wa Methodiste Libre, kanisa ambalo liko pia kwetu Kivu. Mwaka 1959 alihamia Nagoya, akaanzisha kanisa katika mji ule ule. Karatasi yenye ushuhuda wake iliingia mikononi mwa Mitsuo Fuchida katika stesheni moja ya treni mjini Tokyo. Huyu ni nani? Ni yule rubani aliyeongoza ndege za Pearl Harbor! Fuchida naye akatafuta Biblia, akaamini, na mwaka 1950 hao wawili wakakutana. DeShazer alikufa mwaka 2008.

Simtaji DeShazer ili habari ipate mwisho mzuri. Namtaja kwa sababu, kwa ninavyojua, kati ya wote 80 ni yeye aliyerudi kuishi karibu miaka 30 na watu waliokuwa chini ya ndege yake. Toka angani, Nagoya ni moshi na paa za nyumba. Yeye alikwenda kujifunza majina yao.

Sasa niseme juu ya vikombe. Mwaka 1959 mji wa Tucson, Arizona, uliwapa wale askari vikombe 80 vya fedha. Kila kikombe kimechorwa jina mara mbili, moja likisomeka kikisimama na lingine likisomeka kikipinduliwa. Kila mwaka walikutana, na mmoja akifa wenzake walipindua kikombe chake. Kulikuwa na chupa ya konyaki ya mwaka 1896, mwaka aliozaliwa Doolittle, ya kufunguliwa na wa mwisho. (Bwana Prefe atusamehe, ni historia tu.) Ilifunguliwa Novemba 2013, huko Ohio. Richard Cole, aliyekaa kando ya Doolittle katika ndege ya kwanza, alikufa Aprili 2019, umri miaka 103. Tangu pale vikombe vyote 80 vimepinduliwa.

Ni desturi nzuri, naipenda sana. Tena si kweli kwamba wale wazee walisahau China. Liu Tung-sheng, Mchina aliyewatafsiria lugha, walimhesabu kama mmoja wao, na mwaka 1992 Wachina watano waliosaidia walialikwa Marekani kwa mkutano wao. Mjini Quzhou pia iko nyumba ya ukumbusho. Lakini kabati la vikombe ni la 80 tu, na kabati njo linapigwa picha, na picha njo inafika katika vitabu vyetu. Mimi sijaona katika biblioteke yetu kitabu hata kimoja kinachosema neno Nancheng.

Kwa wale wa "mambo ya Wazungu" nina maneno mawili tu. La kwanza: hospitali ya jeshi ya Force Publique ilifika mpaka Birmania, vita ile ile, adui yule yule, Wakongo wakiwabeba waliojeruhiwa. Mmoja wao, Albert Kunyuku, alivikwa nishani na mfalme wa Ubelgiji huko Kinshasa mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 100. Miaka 77 baada ya vita! La pili: uranium ya Shinkolobwe, iliyochimbwa kwa mikono ya watu wa Katanga, ilitumika katika bomu la Hiroshima, mwaka 1945. Wale wachimbaji nao hawakuulizwa wala kuambiwa kazi ya jiwe lile. Basi msiseme kwamba hatujui kitu juu ya watu ambao vita ya wengine inapita juu ya mgongo wao.

Shauri langu kwa Kundi la Historia ni hili. Tarehe 18 Aprili yasomwe majina 80 yote, taratibu, bila kuruka moja, hata yale magumu kutamka. Kisha msomaji asifunge karatasi. Ataje Quzhou, Yushan, Lishui, Nancheng, na aseme hesabu ile, na aseme kwamba majina hatunayo. Kisha ataje mwanafunzi mmoja wa Katsushika. Nimejaribu kwa saa: ni dakika tisa, tukisoma bila haraka. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba dakika tisa ni nyingi kwa wanafunzi wadogo wakisimama juani. Basi wa darasa la 1 na la 2 wakae kwenye majani.

Wenye kufikiri tofauti wapeleke karatasi zao kwa sekretari wa gazeti mbele ya Ijumaa, sababu stensile itapigwa Posho.

Mwanafunzi wa darasa la 5 Pedagogie